Kabureta ya Mama Prefe

Safari iliyonifikisha Gisenyi, Rwanda, ilianzia Tanga na ilichukua siku sita, zote nikiwa ndani ya lori lililobeba mabati ya Goma. Dereva alikuwa mtu wa Muheza niliyesoma naye hadi kidato cha nne, na ndiye aliyeniletea habari yenyewe: kuna mwenye gereji kule mpakani anatafuta fundi wa kabureta, na kila anayempata anauliza kwanza kama gari lina kompyuta. Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama. Pale Rusumo dereva alivuka daraja na kuhamia upande wa kulia wa barabara bila hata kukatisha hadithi aliyokuwa akinisimulia, na mimi nikawa nashika dashibodi kwa mikono miwili kila gari lilipotujia kwa mbele. Siku ya sita, mchana, aliniteremsha Mbugangari, mtaa wa Gisenyi, na begi la nguo na kisanduku cha vifaa, akapiga honi, akaendelea kuelekea mpakani.

Sina uzee wa kujivunia. Nina miaka arobaini na saba. Lakini kazi yangu imestaafu kabla yangu, ndiyo maana nawaandikia ninyi vijana mnaochomeka waya chini ya usukani na kusubiri mashine iwaambie gari linaumwa nini.

Kabureta ni chombo kinachokaa ubavuni au juu ya injini, na ndani yake petroli hukutana na hewa zikachanganyika kuwa ukungu. Petroli hupimwa na jeti, kipande cha shaba chenye tundu jembamba kama la sindano. Hakuna aliyekwambia tundu lipi linafaa. Ulisikiliza injini, ukanusa moshi, ukafungua plagi na kutazama rangi yake. Ikiwa nyeusi kama masizi, gari linashiba kupita kiasi. Ikiwa nyeupe, lina njaa. Ikiwa kahawia kama chai ya maziwa, unafunga boneti na kunawa mikono.

Mwenye gereji tulimwita Patron, na sikuwahi kusikia mtu akimwita vingine. Siku ile ile ya kwanza alinipeleka nyuma ya uwanja, kwenye ukuta wa mawe meusi ya volkano, akavuta turubai. Chini yake kulikuwa na gari dogo la michezo, la Kitaliano, viti viwili, pua ndefu, jekundu lililofifia likawa kama tofali.

"Iko ya Mama Prefe," akasema. "Ukishindwa nayo, sema leo. Usiniletee haya mbele ya watu."

Prefe ndivyo wanavyomwita mkuu wa shule ya sekondari upande wa Kongo. Mama huyu alikuwa mtu wa Gisenyi, lakini alifundisha Kifaransa Goma miaka mingi, kisha akaongoza shule huko mpaka alipostaafu. Alikuja jioni ile, mrefu, kitenge kimepigwa pasi, miwani minene.

"Shikamoo, Mama," nikamwambia.

"Marahaba! Mungu wangu. Hiyo salamu nilikuwa naisoma tu mu kitabu." Akacheka, halafu akaweka mkono juu ya boneti. "Donc, we ndiye mutu wa kabureta. Nikuelezee kwa nini mutu muzee ananunua gari kama hii?"

Akanieleza. Mchumba wake alikuwa na gari la namna ile ile, Goma. Siku ya harusi walipanda nalo hadi kanisa kuu la Nyundo kule mlimani, paa limefunguliwa, yeye ameshika shela kwa mikono miwili. Watoto walipoanza kuja gari likauzwa, ikanunuliwa pikapu.

"Miaka yote ile sikuishika volani yake hata siku moja. Alikuwa ananiambia, hii gari iko na kisirani, haitaki mwanamuke. Nilimupenda sana bwana yangu. Lakini hapo alinikosea." Mumewe alikuwa ameshafariki. Gari hili alilikuta Goma nyuma ya nyumba ya mtu, kuku wanatagia kwenye viti, akalinunua siku hiyo hiyo. "Faustin, mutoto wangu wa Kigali, anasema nimeingiwa na wazimu. Nimemwambia: dimanche moja, siku ya misa, nitapanda nayo Nyundo, mi mwenyewe. Ikishindwa, auze. Nimetoa neno."

Basi ndiyo kazi niliyopewa: gari lipande Nyundo likiendeshwa na mwanamke wa miaka sabini na miwili, au liuzwe.

Wiki mbili za kwanza nilijifunza upya majina. Plagi yangu kwao ni buji. Usukani ni volani. Klachi ni ambreyaje. Breki ni fre. Petroli tuliyoijaribia injini waliiita esanse. Hata hewa yenyewe ilikuwa nyingine. Nilitega kabureta kama nilivyozoea Tanga, usawa wa bahari, na gari likatoa moshi mweusi hadi mafundi wa jirani wakaja kutazama.

"We!" Patron akanipigia kelele. "Hapa si kwa bahari. Hapa hewa iko kidogo. Unaipatia chakula ya bibi harusi, na iko na tumbo ya mutoto!"

Alisema kweli. Kadiri unavyopanda milima hewa inapungua, na petroli nayo lazima ipunguzwe. Nikabadilisha jeti zote mbili kwa ndogo, nikasawazisha kabureta zake mbili kwa kipande cha mpira wa bomba sikioni, upande mmoja kisha wa pili, mpaka zikawa zinavuma sauti moja. Plagi zikatoka rangi ya chai. Mama Prefe aliendesha uwanjani, kisha hadi Nyamyumba na kurudi, akiwa amekaa wima kama yupo darasani. Jumapili ikapangwa. Faustin akasema atakuja kushuhudia.

Jumamosi kabla ya kufunga nilimwambia Kazungu, mtunza stoo, mtu mzima mwenye watoto wanne: "Tangi la Mama limebaki nusu. Lijaze petroli."

"Petroli?"

"Petroli, ndiyo. Mpaka juu."

Akanitazama kidogo, akaenda.

Jumapili gari liliwaka vizuri. Mama alikaa kwenye usukani, mimi pembeni yake, Patron na Faustin wakatufuata kwa pikapu. Tulivuka mji na kuanza kilima. Kwenye kona ya pili nikasikia injini inagonga, ki-ki-ki, kama mtu anapiga bati kwa kijiko. Kona ya tatu nguvu ikaisha. Moshi mweupe ukatufunika, gari likatetemeka mara mbili, likazima katikati ya mlima.

Madereva wa pikipiki waliokuwa wakisubiri abiria walitushangilia.

"Mukecuru! We bibi! Hiyo voiture inapika maharagi?"

"Maman, shuka, mi nitakupeleka. Yangu haina moshi!"

Mama Prefe alivuta breki ya mkono, akatulia, mikono bado kwenye usukani. Faustin akashuka kwenye pikapu. Hakuwa mtu mbaya. Alivua koti lake akamfunika mama yake mabegani, maana kulikuwa na ubaridi, kisha akasema kwa upole, na upole huo ndio uliokuwa mzito:

"Maman, bon. Umejaribu. Kila mutu ameona umejaribu. Mi nitaita watu waivute, tuiuze vizuri."

Nikafungua boneti. Nikachomoa mpira wa mafuta, nikadondosha matone kiganjani. Petroli ukiimwaga kiganjani hupoa kama spiriti ya sindano na kukauka hapo hapo. Haya yalibaki yakiteleza. Nikanusa. Mafuta ya taa! Pale gerejini tulikuwa na pipa zima la kuoshea vyuma, na mikono yangu ilinuka mafuta hayo kila siku, ndiyo maana asubuhi pua yangu haikuniambia kitu.

Hapo ndipo nilipoelewa sura ya Kazungu ya jana. Kwa watu wa Gisenyi na Goma, petroli ni mafuta ya taa. Nilijua esanse yao ni petroli yangu. Sikujua kwamba petroli yao si petroli yangu.

Patron alikuwa ameshaelewa. Alininong'oneza, "Sema ni pompu. Sema iko muzee, pièce ya kubadilisha haipatikani. Kila mutu atarudi kwake na heshima yake."

Nawaambia ukweli, maneno yale yalinivutia. Nilikuwa mgeni wa wiki tatu. Kuna kilima, kuna gari kuukuu, hakuna ambaye angeuliza zaidi, na Kazungu asingeguswa. Nilimtazama Mama Prefe kupitia kioo cha mbele. Alikuwa hatazami mtu. Alikuwa anatazama barabara inayopanda, ile sehemu iliyobaki.

"Mama," nikasema, "gari halina kosa. Kosa ni langu. Nilisema waweke petroli."

Madereva wa pikipiki walielewa kabla ya wote. Mmoja akakaa chini kabisa kwa kicheko. "Yewe! Ameipatia petroli! Amefikiri ni taa!"

Mama Prefe alishusha miwani, akanitazama muda mrefu, kama anavyotazamwa mwanafunzi aliyesimama mwenyewe kabla hajaitwa.

"Kwenu petroli ni nini?"

"Ni esanse, Mama."

"Na esanse?"

"Hatuna neno hilo."

Akageuka kwa mwanawe. "Faustin, umesikia? Hiyo si pani, gari haikuharibika. Hiyo ni kosa ya dikte, mwalimu anasoma, mutoto anaandika vingine. Na dikte mutu anarudia."

"Maman, misa imeshaanza..."

"Mi nilisema nitapanda. Sikusema saa ngapi."

Akamtuma yule dereva aliyecheka kuliko wote akalete bidoni mbili. "Esanse," akamwambia. "Usiseme neno lingine, hata wakikuuliza habari ya bibi yako." Mimi na Patron tukalala chini ya gari na kumwaga tangi lote kwenye madumu. Nikafungua vikombe vya kabureta, nikavisafisha, nikakausha plagi moja moja kwa shati langu la Jumapili. Saa nzima na zaidi. Faustin mwanzoni alisimama mbali akiongea kwenye simu, baadaye akakunja mikono ya shati akanishikia taa ya simu ndani ya boneti.

Lilipowaka, lilikohoa, likatema moshi wa mwisho, kisha zile kabureta mbili zikaanza kuvuma pamoja. Nikataka kuingia. Mama akaninyooshea kidole.

"We panda pikapu. Faustin, ingia. Hapo. Hapo ndipo mi nilikuwa nakaa."

Tuliwafuata kwa nyuma. Alipanda kwa gia ya pili bila kusitasita, na kwenye ile kona kali alilivuta gari kama amezaliwa nalo. Tulifika Nyundo watu wakitoka kanisani. Akaingia katikati ya uwanja, watu wakapisha, akasimamisha gari mbele ya mlango. Akatoka upande wake bila kusaidiwa, akarekebisha kitenge. Alikuwa analia lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshinda kesi. Faustin alibaki amekaa kwenye kile kiti cha abiria, mikono magotini.

Patron alinikata mshahara wa siku tatu, kisha mwezi huo huo akanipa funguo za stoo nimsaidie Kazungu. Kazungu kwa miaka yote iliyofuata alinisalimu kwa kuniuliza, "Leo tunaweka nini, Mutanzania?"

Nilikaa Gisenyi miaka sita, muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa popote tangu niache shule. Kila mwezi nilitega kabureta zile, na Jumapili nikiwa Mbugangari nilizisikia zikipanda. Magari mengine ya kabureta yalikwisha moja moja. Patron akanunua mashine ya kusoma makosa na kuajiri fundi mwenye cheti cha Kigali, kijana mwema, aliyeniuliza kwa heshima kabisa kuhusu kidude cha kuvuta unapowasha injini ya baridi, "Choki inafanya kazi gani?" Nilianza tena kuiota Tanga, na nilipokuwa Tanga nilikuwa naota kwingine. Mama Prefe alinijua. "We unakumbuka fasi, mahali yenye hujafika bado," aliniambia.

Kuna kitu nataka mkijue kuhusu kazi ile. Hatukuwa werevu kuliko ninyi. Tulikosea sana, na mashine yenu ingekamata makosa yetu mengi kabla ya kona ya pili. Lakini mtu alipotuletea gari, ilitubidi tumsikilize yeye pia, maana hakukuwa na kingine cha kutwambia tulichokuwa tunatengeneza.

Macho ya Mama Prefe yalipopungua nguvu, hakusubiri kuambiwa. Aligusa ukuta wa geti na gari mara moja, akakagua mkwaruzo kwa vidole, akasema basi, liuzwe. Alikataa kuendeshwa. Faustin, ambaye safari hii ndiye aliyekuwa anamsihi alibakize gari, alishindwa. Mnunuzi alikuwa mwalimu wa Goma, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, na Mama alimfanyia mtihani kabla ya kumkubali: alimpandisha Nyundo na kumshusha.

Siku ya kukabidhi gari ndiyo siku niliyoichagua kuondoka. Tikiti ya basi la Kigali ilikuwa mfukoni, begi langu liko kibarazani kwake. Niliziandaa kabureta mara ya mwisho. Mama aliingia, akawasha, akalitoa gari mwenyewe kutoka uani hadi barabarani, labda hatua ishirini, mimi nikitembea mbele na mikono nimeiinua kumwonyesha njia. Akavuta breki ya mkono, akashuka, akaacha injini inavuma.

"Mama, hukuzima," mwalimu akamwambia.

"Sitaki ni mi niizime. Ingia. Enda nayo hivyo hivyo."

Mwalimu akaingia. Gari likateremka kuelekea mpakani, akabadilisha gia vizuri, likakata kona. Tulisimama. Magari mengine yalipita, pikipiki, mtu na mkokoteni wa vitunguu.

"We uko na masikio," akasema Mama Prefe. "Iko bado?"

"Iko bado, Mama."

Alishika mkono wangu akasubiri. Akauliza tena, nikamjibu vile vile. Akauliza mara ya tatu, na mara ile nilisikia pikipiki tu. Akaupigapiga mkono wangu mara mbili, akauachia.

"Enda sasa," akasema. "Bisi yako itakuacha."