Pepo wa Spika

Mutanu, ambaye mtaa mzima wa Kongo pale Kawangware humwita Mama Mutinda, amesaga unga miaka mingi hata kikohozi chake kina vumbi la mahindi. Kinu chake kimeegemea kanisa la mabati la Pasta Phanuel. Ukuta ni mmoja: huku unga, kule Injili. Jumapili yeye hukaa benchi la nyuma, ambako hakuna anayeulizwa maoni.

Mwaka jana Osewe, fundi wa mota kutoka Lindi, Kibera, alimfungia draivu, kisanduku cha kudhibiti mwendo wa mota ili isivute stima kwa pupa ikiwashwa. Mama Mutinda alitoa sharti kwamba unga usikiguse. Osewe akakitundika mbali, mwisho wa ukuta, na kuvuta waya mrefu hadi kwenye mota.

Jumatano iliyofuata, katika maombi ya adhuhuri, spika ya kanisa ilinguruma. Pasta alipaza sauti, nayo ikapaza zaidi. Waumini walikemea mpaka jasho likawatiririka, na ghafla ikanyamaza. Wakashangilia. Upande wa pili wa ukuta, mteja alikuwa amemaliza kusaga debe lake.

Mama Mutinda hakujua. Kelele za kinu zilikuwa zimemziba masikio. Alisikia tu kwamba kanisani kumeingia pepo, akaanza kufunga kinu kila Jumatano ili aende kusaidia maombi. Alipokuwepo, spika ilitulia. Jumatano aliyokosa, ilinguruma. Watu wakapiga hesabu yao.

"Pepo anamwogopa huyu mama," walisema.

"Hata mimi ningemwogopa, na hiyo sauti yake," alisema Nereah wa kwaya, ambaye alikuwa akiutolea macho uongozi wa akina mama.

Mama Mutinda alihamishiwa benchi la mbele. Ikavuma kwamba Jumapili atachaguliwa yeye. Aliutaka uongozi ule kwa kiu ambayo hakumwambia mtu. Maishani mwake, aliyemtafuta alikuwa daima amebeba mahindi.

Jumatano kabla ya uchaguzi alimwachia mumewe, Ndululu, ufunguo wa kinu, akamkanya asifungue. Kanisani, Mama Mutinda alikuwa ameweka mkono juu ya spika, akiomba kwa macho yaliyofumbwa, iliponguruma. Kanisa zima likamkodolea macho.

Aliacha kuomba, akatega sikio. Mlio ulipanda polepole, ukatetemeka, ukakwama, ukapanda tena. Aliujua kama anavyojua mkoromo wa Ndululu.

"Kemea, Mama Mutinda," Pasta alinong'ona. "Usituangushe."

"Nitakemea nini, Pasta? Huo ni mtama."

"Mtama gani?"

"Wa Apiyo. Yeye ndiye huleta mtama Jumatano. Na Ndululu ameujaza sana, sikia vile mota inakwama."

Walitoka nje wote. Ndululu alisimama mlangoni pa kinu, nywele na nyusi nyeupe, Apiyo akiwa nyuma yake na beseni.

"Amesema mtoto analilia uji," Ndululu alijitetea. Akawatazama waumini waliojaa uani. "Na nyinyi wote mnasaga?"

Pasta alimvuta Mama Mutinda kando. "Si ungengoja tu Jumapili ipite?"

"Nilitaka kungoja. Lakini ningeshindana na uji wa mtoto mpaka lini?"

Osewe alipoitwa, alicheka hadi akaketi chini. Draivu, alieleza, huikatakata stima vipande vidogo, na kelele yake huruka ikadandia waya wa jirani. Wa maikrofoni ulikuwa umepita ukuta huohuo, sambamba na wa mota. Aliihamisha draivu karibu na mota, ndani ya sanduku lisilopitisha unga, akaweka waya mfupi uliofunikwa wavu wa chuma na kuunganisha wavu huo na ardhi. Spika ikatulia.

Jumapili akachaguliwa Nereah. Mama Mutinda alipiga makofi, ingawa mikono yake ilikuwa mizito.

Jumatatu kiongozi mpya alifika kinuni na debe la mahindi, akaipita foleni na kulitua mbele.

"Mama Mutinda, nina haraka. Nina kikao."

"Hongera, dada," Mama Mutinda alisema, akalinyanyua debe lile na kulipeleka mwisho wa foleni, nyuma ya beseni la Apiyo.