Kikohozi cha Mstari wa Tatu

Ijulikane kwa mataifa yote, kwa falme na mamlaka, kwa malaika walio juu na panya walio darini, kwamba katika shule yetu aliishi mtakatifu. Kanisa bado halijamtangaza. Tumemtangaza sisi wa bweni la pili, kwa kura iliyopigwa chini ya blanketi, na padre mlezi ameniagiza niandike maisha yake kwa heshima na niache upuuzi. Basi naandika kwa heshima.

Alizaliwa asubuhi ya mvua katika chumba cha nyuma cha duka la fundi viatu, akiwa kifungua mimba wa fundi huyo. Tarehe haijulikani, kwa kuwa siku hiyo kila mtu alishughulika kusikiliza kama anapumua. Hakulia. Alitoa mluzi mwembamba, kama birika linalokaribia kuchemka, na mkunga akamwambia baba yake, "Huyu ni wa kuazima. Msimzoee." Wakamzoea. Alikulia chini ya meza ya kazi, kati ya soli na harufu ya gundi, akitazama miguu ya watoto wenzake ikikimbia barabarani. Yeye akijaribu kukimbia, kifua kilibana, mluzi ukaanza, na dunia yote ikawa nyembamba kama tundu la sindano. Alisimulia baadaye kwamba ni kupitia tundu hilo ndipo alipomwona Mungu mara ya kwanza. "Wenzangu walipumua bila kujua," alisema. "Mimi niliiona kila pumzi ikija kutoka mbali, kama mgeni aliyebeba zawadi."

Alipofikia usichana aliomba kuingia utawani. Mama Mkuu wa masista alimkaribisha, akampa chai, akamtembeza nyumba nzima. Walipofika juu ya ngazi, msichana hakuweza kutamka hata jina lake. "Mwanangu," alisema Mama Mkuu, akimshika mkono, "wito unao. Pumzi huna." Alirudi nyumbani akilia njia nzima, na kidogo kilio kimuue. Hapo akajifunza lililokuwa msingi wa mafundisho yake yote. Miaka mingi baadaye mmoja wetu alipomwuliza, "Bibi, mbona unacheka na huku umebanwa hivyo?" alijibu, "Nilie kwa pumzi ipi, mjukuu wangu? Kilio ni kinene. Kicheko kinapita hata kwenye tundu dogo."

Mwamini asidhani kwamba hakuteseka. Kulikuwa na siku alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, midomo imepauka, akiivuta hewa kama mtu avutaye ndoo kutoka kisima kilichokauka. Kila siku alimwomba Mungu amwondolee kikohozi, na kila siku aliamka nacho. Mwiba ulibaki palepale ulipochoma.

Alifika shuleni kwetu kufagia kanisa. Nyuma ya kinanda kuna pazia, na nyuma ya pazia kuna mvukuto mkubwa wa ngozi wenye mpini mrefu wa mbao. Bila mtu wa kuusukuma mpini huo, kinanda ni kabati tu. Zamani kazi hiyo ilikuwa adhabu ya watukutu. Waliusukuma kwa hasira, na filimbi zikapiga kelele kama nguruwe anayefukuzwa. Jumapili moja mtukutu wa zamu alitoroka. Mfagiaji akaweka ufagio chini, akashika mpini, akasukuma polepole, kwa kadiri ya kifua chake. Kinanda kikaanza kuimba kama kitu kinachoota ndoto. Mwisho wa mstari wa tatu pumzi zikamwishia. Sauti ikashuka, ikafifia, kwaya ikanyamaza imeduwaa. Nyuma ya pazia kikasikika kikohozi, halafu kicheko kidogo, halafu upepo ukarudi na mstari wa nne ukaendelea.

Tangu siku hiyo tukamwita Bibi Mvukuto, na tangu siku hiyo nyimbo zote za shule yetu husimama baada ya mstari wa tatu. Hakuna aliyeamuru. Mgeni anayepitiliza bila kusimama huitwa Gari Bovu, lisilo na breki, mpaka anamaliza shule. Katika kimya kile unaweza kusikia njiwa wakitembea juu ya bati, na ukaona vumbi likielea kwenye mwanga wa dirisha, bila haraka, kana kwamba na lenyewe limeambiwa lisubiri. Watu wazima wamekiri kwamba waliwasamehe ndugu zao katika kimya kile. Mimi nilikuwa nasinzia.

Kisha likaja jaribu. Askofu alitarajiwa, na mwalimu wa kwaya, mtu wa tai na jasho, akamwendea Bibi akiwa anafagia. "Mama, usinielewe vibaya. Askofu hawezi kusikilizishwa kikohozi. Siku hiyo tutamweka kijana mwenye nguvu."

Sisi tuliojificha chini ya benchi kwa shughuli zetu tulimwona akiegemea ufagio. Mpini ule ndio uliokuwa utawa wake. Ule wa masista ulikuwa umemshinda ngazini. "Sawa, mwalimu," alisema. "Nami nitapata nafasi ya kumwona askofu usoni. Miaka yote hii nimezijua nyimbo kwa mgongo tu."

Basi akawekwa Trekta, beki wa timu ya shule, na Bibi akakaa benchi la nyuma kabisa. Kinanda kilinguruma. Mstari wa tatu ulipoisha, shule nzima ikanyamaza kwa mazoea. Trekta hakunyamaza. Kinanda kikaenda peke yake, wengine wakakifuata, wengine wakarudi nyuma, mwalimu akapunga mikono kama mtu aliyevamiwa na nyuki, na yote yakaporomoka. Kimya. Askofu akainua macho. Ndipo, kutoka benchi la nyuma, kikatoka kikohozi.

Tukaingia mstari wa nne sote kwa pamoja, mia kwa mia, kama mtu mmoja aliyeamshwa. Askofu akacheka hadi kofia yake ikakaa upande. Baada ya misa Bibi alimwambia mwalimu maneno haya, nayo yaandikwe kwa wino mzuri: "Nimemsumbua Mungu maisha yangu yote aniondolee kikohozi, kumbe alikuwa amekiajiri." Mwalimu akamrudishia mpini mbele yetu sote, na tai yake akaitumia kufuta macho.

Mwaka uliofuata kifua chake kilichoka. Alilazwa katika zahanati ya shule, inayopakana na kanisa, na muuguzi akaliacha dirisha wazi ili asikie mazoezi. Trekta alisukuma, sasa kwa upole. Tulifika mstari wa tatu, tukasimama, na kupitia dirishani kikohozi kikaja, na kicheko nyuma yake, tukaendelea. Ikawa hivyo siku nyingi. Alasiri moja tulisimama, tukasubiri. Njiwa wakatembea juu ya bati. Vumbi likaelea. Hakuna aliyethubutu kuanza mstari wa nne. Hatimaye mwalimu wa kwaya, machozi yakimtiririka, akakohoa yeye.

Sasa yahusuyo ajabu. Jumapili baada ya mazishi, mwisho wa mstari wa tatu, kikohozi kilisikika nyuma ya pazia, ingawa Trekta anaapa hakukohoa. Akina mama walipiga magoti. Mpishi alipona goti.

Niliandika hivyo na kumpelekea padre mlezi. Alisoma, akavua miwani. "Bwana mdogo, mimi nilikuwa altareni. Chini ya pazia niliona viatu vya Trekta, na vingine viwili visivyo na kamba. Vyako vina kamba?"

Havina. Nakiri: nilijificha ili nitishe watu. Lakini zamu yangu ya kukohoa ilipofika, vumbi la mvukuto lilinikaba kweli. Nikatafuta hewa, haikuja. Dunia ikawa tundu la sindano. Kisha pumzi moja ikaja kutoka mbali, imebeba kitu, nami nikacheka kabla sijajua nacheka nini.

Padre alinihukumu kusukuma mvukuto muhula mzima. Msomaji mpendwa, mfuate Bibi: ukifika mahali nguvu zinakuishia, usione aibu kusimama. Wapo wanaokusubiri waanze pamoja nawe.

Muhula wa adhabu ulikwisha zamani. Leo padre amefunua pazia, akanikuta nimeshika mpini. "Wewe, unafanya nini tena hapa?"

Nikakohoa.