Waya wa Redio ya Baba

Udongo mkavu ukimwagiwa maji hutoa harufu yake. Wiki iliyopita fundi umeme alipigilia nondo ya shaba, ya kuteremshia umeme ardhini, kando ya ukuta wa nyumba yangu hapa Blacktown, Australia. Ardhi ilikuwa ngumu, akaimwagia ndoo ya maji, na harufu ile ikanipanda puani. Mjukuu wangu akaniuliza kwa Kiingereza chake mbona bibi unanusa udongo. Jibu lake ni refu. Nawaambia nyinyi.

Mie darasa la nne sikulimaliza. Nyumba hii nimeinunua kwa kusugua sakafu za ofisi za watu kule mjini Sydney, na sioni haya. Lakini kazi yangu ya kwanza, nikiwa na miaka minane kwetu Tanga, ilikuwa kuinywesha redio maji.

Redio ilikuwa ya mbao, ya baba. Nyuma yake ulitoka waya, ukapita dirishani, ukafungwa kwenye chuma alichokipigilia ardhini. Bila waya ule, alisema, redio inakoroma tu, na radi ikipiga antena tutaungua sote. Tena chuma kinataka ardhi yenye unyevu. Basi alikipigilia pale pale tunapotawadhia, maji ya udhu ya nyumba nzima yakaishia hapo. Jirani yetu Mzee Hamisi hakuchoka kumcheka.

"Redio gani hii, Bwana Athumani? Inatawadha mara tano na kusali haisali!"

Baba hakucheka. Kaka yangu Salimu alikuwa amekwenda Mombasa kutafuta kazi, akaahidi kututumia salamu redioni, kipindi cha Ijumaa alasiri. Kila Ijumaa tulikaa mkekani tukisikiliza majina ya watoto wa wenzetu. La Salimu halikutajwa.

"Ardhi imekauka," baba akisema. "Binti, maji!"

Kiangazi kikaja, kisima kikabaki tope. Kila mtu akawa anatawadha kwa kata moja, chuma hakipati hata tone. Ijumaa moja nikaiba. Nilichota maji ya kunywa mtungini mwa mama, nikayamimina yote chini ya chuma. Mama akanikuta kata mkononi. Nilijua nitachapwa. Akautazama udongo, akautazama mtungi mtupu, akasema tu, "Haya, nenda kasikilize."

Siku ile redio ilisema kama mtu tuliyeketi naye chumbani. Nilisikia hata mtangazaji akipangua kadi zake za salamu. Majina yakasomwa mpaka la mwisho, kisha muziki. Baba akainuka, akachukua nyundo.

"Baba Salimu, redio inasikika," mama akamwambia.

"Haijashika vizuri."

Akakipiga kile chuma mpaka kichwa chake kikazama udongoni. Salimu hatukumsikia tena, si redioni, si kwa mdomo wa mtu. Baba alikufa bado akisema ardhi imekauka.

Mie miaka mingi nilijilaumu, nikidhani maji yangu hayakutosha. Nilikuwa nimeshazaa mwenyewe ndipo nikafahamu. Waya ulikuwa mzima tangu siku ya kwanza, na baba alijua. Alitaka tu uwe mbovu, kwa sababu waya mbovu unatengenezeka. Mama naye alijua, ndiyo maana hakunichapa, akaiacha nyumba nzima ilale na kiu.