Gogo Linapimwa Upande Mwembamba

"Mbona unapima ncha tu? Shina umelisusa?" mjomba alimfokea mnunuzi wa magogo.

"Mzee, ndiyo desturi. Tunalipa kwa upande mwembamba."

"Na ukishapasua, mbao za shina unamgawia nani? Mkeo?"

Miti hii mjomba, ambaye ni seremala, aliipanda mwenyewe ili auze, aezeke nyumba. Mpaka leo mvua inamnyeshea kitandani. Wanunuzi wote wanapima hivyohivyo. Huu ni wizi mtupu, lakini wakataji wanakubali, maana gogo likikaa linaoza.

"Kama hutaki bei yangu, basi yaoze," mnunuzi alicheka.

"Hayaozi! Nitayapasua kwa msumeno wa mkono. Shusha yote uliyopakia!"

Mimi na mjomba tuliyashusha kwenye lori kwa hasira. Mjomba akajifuta jasho, akaenda kumtengenezea jirani mlango; paa lake mwenyewe likangoja tena.