Nguzo Nne Katikati ya Sebule

Siku ile sijaisahau, mwanangu, ingawa siku hizi nasahau hata nilipoweka miwani. Nilikuwa kijana, seremala wa mtaa wa Jabe, nimetoka kujenga nyumba yangu ya kwanza kule mtaa wa Kinama, na nilijiona najua kila kitu. Mdomo ulikuwa mrefu kuliko msumeno!

Aliyenifundisha kazi, Mzee Ramadhani, ujanani alifundishwa na seremala Mjerumani kutoka pwani ya Wafrisia, huko kaskazini ambako bahari huvamia mashamba. Wakulima wa kule, alitueleza, husimamisha nguzo kubwa ndani ya nyumba, na paa lote hukaa juu ya nguzo hizo. Ukuta haubebi kitu. Maji yakiubomoa, watu hupanda darini, wanakohifadhi nyasi za ng'ombe, wakangoja yapungue. Basi na mimi, tulipojenga nyumba ile, akanisimamishia nguzo nne, na dari ya mbao na paa juu yake.

Nikaona haya. Nguzo nne katikati ya sebule, wageni wazizunguke kama mbuzi? Alipoondoka nikashika msumeno, nikaanza kukata moja. Kumbe alikuwa amesahau kofia, akarudi.

"We Hamadi, unafanya nini?"

"Mzee, hii miti inaniharibia nyumba. Ukuta iko na nguvu."

"Ukuta ya udongo? Apana! Ukikata, usiniite tena mwalimu wako."

Nikaacha, kwa hofu tu, wala si kwa akili.

Masika hiyo mto wa karibu na nyumba ulifurika mchana, nikiwa kazini. Nilikimbia kutoka Jabe mpaka Kinama, nalia njiani bila aibu, maana mke wangu na kichanga chetu Zuhura walikuwa ndani. Nikafika, kuta zote zimeyeyuka. Paa limesimama juu ya nguzo nne, maji yanapita chini yake.

"Baba Zuhura, usilie!" mke wangu akaita kutoka darini. "Tuko huku juu. Mutoto amelala."

Alhamdulillahi! Nilikaa palepale kwenye matope, nikacheka mpaka majirani wakanishangaa.

Kwa hiyo mwanangu, usikate kitu ulichowekewa na aliyekutangulia kabla hujamuuliza kinabeba nini. Muulize, hata kama unaona haya. Kuta nilizijenga upya, lakini nguzo ni zilezile, na moja ina mkato wa msumeno, kina cha kidole. Mungu akujalie nawe mtu wa kurudia kofia yake kabla mkono wako haujamaliza kukata. Amina.