Siku muzee alipozamisha kitabu changu

Mutacheka, najua, na mucheke tu, juu hata mimi nikikumbuka ile siku nafunika uso na mukono hata nikiwa peke yangu: muzee wa kanisa alinivua nguo mbele ya watu wote ndani ya sali, ukumbi wa parokia, na hakugusa hata kifungo kimoja cha shati langu.

Ilianza kwa kiburi. Nilikuwa mwalimu wa shule ya musingi mwenye mashati mawili, na nilimupenda Furaha, binti ya muzee mumoja aliyekimbia Kalengera waasi walipokula ng'ombe zake zote (alizijua kwa majina, kama watoto) akaja kupanga nyumba mujini kwetu, mutaa wa Katoyi. Kila nikienda kwao muzee ananiuliza, "Wewe mwalimu, uko na nini ya kuonyesha batu?" Furaha akaniambia Papa, baba yake, anaheshimu mutu mwenye kitabu, basi nikaamua kutoa kitabu. (Angesema anaheshimu mutu mwenye ng'ombe, leo ningekuwa mu gereza.)

Kilikuwa kijitabu cha mashairi ya mwaka wa volkano, nakala hamsini za fotokopi, mimi mwenyewe nikapiga agrafe, zile pini za kushikisha karatasi, mupaka kidole gumba kikavimba. Ukurasa wa kwanza niliandika: "Kwa mama, aliyeacha godoro na sufuria ndani ya nyumba, akakimbia lava na madaftari yangu kichwani." Mama hajui kusoma. Nikamusomea huku nafuata maneno kwa kidole, akaenda kuwaambia majirani wote.

Ningeishia hapo! Lakini mwenye fotokopi, mutu wa maneno mingi, akatikisa kichwa: "Mwalimu, kitabu mu hii muji bila kushukuru mukubwa? Unatafuta matatizo." Nikaogopa. Kuchapisha upya sikuwa na uwezo, kwa hiyo nikakata vikaratasi, nikapika uji muzito wa unga wa muhogo, nikabandika juu ya mama: "Shukrani kwa mukubwa wetu wa komini, baba wa utamaduni." (Huyo baba wa utamaduni, mukubwa wa serikali kwetu, sijawahi kumuona na kitabu, hata cha namba za simu.) Nikajisemea mama hasomi, hatajua. Hiyo njo ilikuwa dhambi yenyewe, zingine zote ni watoto wake.

Wiki haijaisha, waasi wakaingia mujini. Baba wa utamaduni akapita na gari lake mbio kuelekea Sake bila kutuaga, na mimi niko na nakala hamsini za kumusifu chini ya kitanda! Nikapika uji tena, nikabandika: "Shukrani kwa komanda, mulinzi wa amani yetu," na jina lake lote. (Ndiyo, komanda wa wale wale wa ng'ombe. Musiniangalie hivyo.) Siku chache tu, waasi nao wakaondoka, akaletwa mukubwa mupya, na mimi nikarudi kwa sufuria. Ukurasa wa kwanza ukawa mugumu kama chapati ya juzi.

Sasa, kwetu kitabu kinabatizwa. Unatafuta parrain, baba wa ubatizo, anasimama mbele ya watu, ananyunyizia kitabu matone mawili matatu ya maji, watu wanapiga makofi, soda zinafunguliwa. Na mimi na akili zangu nyingi, parrain nikamuomba nani? Baba ya Furaha. Akishabatiza kitabu changu mbele ya watu wote, atanikatalia binti namna gani?

Nilichosahau ni kwamba muzee ni mushemasi wa kanisa ambalo hawanyunyizi, wanazamisha mupaka nywele zisionekane. Siku yenyewe, alipoona kikombe changu cha maji na ua moja akanung'unika, "Hii ni ubatizo ao ni kunawa?" akaomba beseni. Mama yangu, kitenge kipya, furaha imemujaa, njo alilikimbilia kulileta.

"Papa, ni karatasi..." nikasema.

"Nyamaza, mutoto. Kitabu cha ukweli hakiogopi maji."

Akakizamisha chote. Kilipotoka akakifungua, akavaa miwani, akasoma: "Shukrani kwa mukubwa wetu mupya..." Watu wakapiga makofi, na kikaratasi kikateleza taratibu kikaanguka kwa kiatu chake. Muzee akaendelea kusoma kilichobaki, kwa sauti ile ile ya ibada: "Shukrani kwa komanda, mulinzi wa amani yetu." Akafika kwa jina.

"Mana yanjye, Mungu wangu," akasema. "Huyu njo alikula Gaju."

Gaju ilikuwa ng'ombe yake ya maziwa. Weee! Nilitamani lava ipite tena, pale tu niliposimama. Nikataka kunyakua kitabu, muzee akanisukuma na kiwiko, akabandua na cha komanda, chini yake: baba wa utamaduni. Watu sasa wanacheka mupaka machozi, na mumoja wa nyuma akapiga kelele, "Bandua, muzee, tutawafikia Wabelgiji!"

Akabandua. Hapo alisoma kimoyomoyo kwanza, akaniangalia, akamuangalia mama, halafu akasoma kwa sauti yale ya godoro na sufuria na madaftari. Hakuna aliyecheka tena.

Mama hakulia. Aliuliza tu, "Kumbe nilikuwa chini ya hao bote?"

Muzee akafunga kitabu, kinadondosha maji, akamupa mama kwa mikono miwili. "Mama," akasema, "binti yangu ninamupa wewe. Wewe unajua kitu ya kubeba nyumba ikiungua. Huyu atafuata nyuma sawa muzigo."

Nikafuata nyuma, na Furaha ni muke wangu. Lakini kabla ya posa kupokelewa nilibandua nakala zote zilizobaki, moja moja, ndani ya lile beseni, uani kwa muzee, mama amekaa kwa kiti ananitazama.

Sasa muji umebadilisha wakubwa tena. Juzi niliuliza tu kama kuna unga wa muhogo (njaa, haki ya Mungu, ilikuwa njaa!) na Furaha akaufungia kabatini, ufunguo akaenda kumupa mama. Nimeapa: nikitoa kitabu kingine, ukurasa wa kwanza ni wa mama, na wa pili nitauacha mweupe, wakubwa wajishukuru wenyewe.