Utepe Mwekundu kwenye Pikipiki ya Mama

Mama huendesha pikipiki kama mtu aliyebeba mayai, na mayai yenyewe ni mimi. Kila asubuhi tunatoka Mutuini, yeye akienda Parklands anakoshona blauzi za sari, mimi nikienda shule iliyo karibu na kazi yake. Barabara ya kwetu inateremka ikipindapinda hadi mtoni, halafu inapanda ikipindapinda tena. Kwa kila kona Mama hupiga honi mara mbili, hushusha gia, na kupunguza mwendo mpaka kuku wa watu wanatupita.

"Mathe, hiyo kitu inatumia petroli ama maombi?" vijana wa boda humuuliza wakipita vuuu.

Yeye hajibu. Mimi ndiye hujibu, kwa ishara ya mkono ambayo sitaieleza hapa.

Sheria yake ni moja: chukulia kila dereva amekosana na mtu nyumbani asubuhi hiyo. Tumeifanya mchezo. "Huyo ana nini?" ananiuliza. "Amechelewa kazi." "Na yule?" "Anaongea na simu, na simu inamshinda." "Basi tumpe nafasi." Tena husema usimwangalie dereva usoni, uso hudanganya. Angalia tairi za mbele, hizo ndizo zinajua zinakoenda.

Wakati wa mvua tulianguka. Kwenye kona yenye ua wa kayaba, ule wa miiba mirefu, gari dogo liliamua kupita lori na likatujia upande wetu. Mama akatupeleka moja kwa moja kwenye shamba la nyasi za ng'ombe. Hatukuumia. Lakini nyanya yangu, Shosho, ambaye tunaishi kwake, alituona tukiingia na matope mpaka masikioni, akatoa hukumu palepale getini.

"Ikianguka tena, inauzwa. Na huyu anaenda bweni."

Huyu ni mimi. Sina ubaya na bweni, ila nimesikia uji wa huko una historia.

Baada ya hapo Mama aliendelea kuendesha, lakini mikono ilikuwa imebadilika. Akifika kwenye ile kona alisimama kabisa, akasikiliza, ndipo akaingia. Siku nyingine nilihisi mgongo wake ukitetemeka kwenye kifua changu, na haikuwa baridi. Sikuhitaji mtu wa kuniambia kwamba pikipiki inaweza kuuzwa hata bila kuanguka.

Basi jirani mmoja akazikwa. Magari ya msafara yalifungwa tepe nyekundu za msiba, kama kawaida, na nikaona maajabu: lori lilikaa kando likangoja, dereva wake akavua kofia. Watu walewale wa kila siku! Nikajiambia, kumbe adabu wanayo. Wanaiwekea marehemu tu.

Jumatatu nilichukua kipande cha kitambaa kilichobaki kwenye blauzi ya bibi harusi mmoja wa Parklands, chekundu cha kuumiza macho, nikakichana vipande viwili. Mama akishapanda, mimi ndiye hufunga geti, kwa hivyo kipande kimoja nilikifunga nyuma kwenye keria. Halafu nikajitolea kupangusa taa ya mbele, na kingine kikabaki chini yake, mahali ambapo aliyeketi hawezi kukiona. Alishangaa kidogo, maana hata viatu vyangu sipangusi. Tukifika, nilishuka wa kwanza nikavifungua, na jioni nikavirudisha.

Mambo yakanyooka. Lori lilitupisha. Mama mmoja wa gari kubwa alingoja getini kwake mpaka tupite. Hata vijana wa boda walinyamaza.

"Hawa watu wameokoka?" Mama aliuliza.

"Labda kulikuwa na mkutano," nikasema.

Siku baada ya siku mabega yake yalishuka. Alianza hata kuimba ndani ya helmeti. Nilijiona daktari. Kisha Alhamisi asubuhi tukaingia kona ya kayaba, na hakupunguza mwendo, wala hakupiga honi. Hakuna kilichotokea. Lakini ile honi isiyopigwa niliisikia mpaka Ngong Road.

Hapo Adams Arcade, kwenye foleni, mzee mmoja wa pikapu alishusha kioo.

"Pole sana, mama. Mwili uko mbele?"

"Mwili gani?"

"Si ule mnasindikiza?" Akaonyesha utepe.

Mama aligeuka polepole akaniangalia. Kisha akaegesha pembeni, akashuka, akaona cha mbele, akaona cha nyuma.

"Nani amekufa?"

"Babu," nikasema.

"Babu alikufa hata hujazaliwa."

"Basi si uongo, Mathe. Ni kuchelewa tu."

Hakucheka. Afadhali angenipiga kofi. Alifungua vile vitambaa akavikunja vizuri, kama vile anavyokunja vya wateja.

"Mimi nilidhani nimejua kuendesha tena," akasema. "Wiki yote nilidhani ni mimi."

Magari yalipita karibu na viwiko vyetu, na hakuna hata moja lililotupisha. Tulikuwa hai tena.

"Jioni tutapita ile kona hivi hivi," akasema. "Ikinishinda, namwambia Shosho auze."

Jioni jua lilikuwa bado liko juu ya vilima. Njia nzima hakuimba. Tulipokaribia ua wa kayaba alipiga honi mara mbili, akashusha gia, akaenda mwendo wa kuku. Nyuma boda mmoja akapiga kelele, "Mathe, unangoja barabara iive?" Mama akabaki vilevile, macho mbele, akiwa ameacha nafasi kubwa upande wa kulia kama mtu anayemwekea mgeni kiti.

Na mgeni akaja. Gari la buluu lilichomoza likipita mkokoteni wa punda, lote upande wetu. Likapita kwenye ile nafasi, na sisi tukiwa tumesimama, mwiba mmoja wa kayaba ukinigusa bega. Yule boda aliyekuwa nyuma yetu alikuwa amesimama pia.

Mgongo wa Mama ulikuwa unatetemeka. Lakini mikono haikutetemeka, niliiangalia.

"Huyo alikuwa na nini?" akaniuliza.

"Amekosana na mtu nyumbani."

"Hapana. Hakutuona tu." Akawasha. "Twende."

Shosho alikuwa getini, kama askari wa ukaguzi. Alizunguka pikipiki, akatafuta matope, akakosa.

"Imeanguka?"

"Haijaanguka," Mama akasema, "na haiuzwi."

Kisha Shosho akaona kile kitambaa chekundu kikichungulia kwenye mfuko wa Mama. Akashika kifua. "Woi! Nani amekufa?"

Mama akavua helmeti taratibu. "Muulize mjukuu wako. Ni mtu wa karibu sana na wewe."